Kumbukumbu ya mradi: kuichambua 4294967297 kwa njia ya miraba

Katika mradi huu nachukua namba kubwa mojamoja na kuichambua kwa kalamu na karatasi, kompyuta ikibaki msaidizi tu. Sasa nimefika kwenye 4294967297, yaani 2³² + 1. Katika karne ya 17 Pierre de Fermat aliamini kwamba ni namba tasa kama zilivyo 3, 5, 17, 257 na 65537 zinazoitangulia katika ukoo wake (anza na 2, izidishe kwa yenyewe tena na tena, na kila hatua ongeza 1 kwenye jibu), lakini mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641 bila baki.

Kwa kuwa jibu linafahamika tangu zamani, ninachotafuta ni njia ya kulifikia bila kubahatisha. Njia fupi ni kanuni ya mwanahisabati Édouard Lucas, inayosema kwamba kila kigawo tasa cha namba hii huacha baki 1 kikigawanywa kwa 128. Chini ya 641, tasa pekee ya namna hiyo ni 257, nayo inaondoka mara moja, kwa sababu namba mbili za ukoo huu hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Kazi inakwisha kabla haijanoga.

Njia iliyonivutia zaidi ni ya miraba. Namba yetu ni 65536² + 1², na vilevile ni 62264² + 20449² (hiyo 20449, kwa bahati nzuri, yenyewe ni 143²). Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, hivyo mlingano huo peke yake unatosha kuiondoa kwenye orodha ya tasa, hata kama hakuna kigawo chake kinachojulikana. Uzuri wake ni kwamba vigawo navyo vimo humohumo. Tofauti ya 65536 na 62264 ni 3272, na ya 20449 na 1 ni 20448. Kigawo kikubwa cha shirika cha tofauti hizo ni 8. Jumla za jozi hizohizo ni 127800 na 20450, na kigawo chao kikubwa cha shirika ni 50. Nikichukua nusu ya 8 na nusu ya 50, napata 4² + 25² = 641. Kisha 3272 ni 8 × 409 na 20448 ni 8 × 2556, na 409² + 2556² ni 6700417, ambayo ndiyo kigawo cha pili.

Udhaifu wa njia hii ni kuipata jozi ya pili ya miraba, kazi niliyoiachia programu ndogo.

Ilibaki kuthibitisha kwamba 6700417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili kinazidi 2588 kidogo, na kwa kanuni ileile ya Lucas wanaostahili kujaribiwa ni 257, 641, 769, 1153 na 1409 tu. Mabaki yalikuwa 170, 44, 120, 334 na 622, kwa hiyo ni tasa.

Inayofuata katika ukoo ni 18446744073709551617, ambayo ni 4294967296² + 1², na kwake kanuni ya Lucas hutumia 256 badala ya 128. Kigawo chake kidogo, 274177, ni 256 × 1071 + 1, kwa hiyo safari hii njia fupi si fupi tena.