Nilivyoisikiliza pampu kupitia faili la WAV

Nilitaka kujua kama beringi za mota ya pampu yetu ya maji zimeanza kuchoka. Fundi mzoefu hulitambua hilo kwa sikio. Mimi nilitaka mchoro wa masafa, yaani unaoonyesha sauti ina mitetemo ya kasi gani na kwa nguvu kiasi gani, niwe nikiulinganisha mwezi hadi mwezi.

Kinasa sauti cha simu kilihifadhi AMR, aina ya faili la sauti, na mchoro ukakatika ghafla kabla ya kilohezi 4. Pampu haikuhusika. AMR ya kawaida huchukua sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde, na sampuli hazibebi masafa yanayozidi nusu ya idadi yake. Tena iliundwa kwa ajili ya maneno ya binadamu. MP3 nayo hutupa kile ambacho sikio halitakikosa. Kwa muziki inatosha kabisa, ila mkwaruzo hafifu wa beringi unaweza kuwa ndiyo hicho kinachotupwa.

Nikahamia programu inayorekodi WAV: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Dakika moja ya chaneli moja hula megabaiti 5.3 hivi, na kila namba iliyopimwa imo humo.

Kisomaji cha faili hilo niliandika mwenyewe kwa Python, lugha ya programu, na hapa ndipo penye utamu. Faili huanza na herufi RIFF, kisha ukubwa, kisha WAVE. Maelekezo mengi husema ruka baiti 44, sauti inaanza. Langu lilikuwa na kipande kiitwacho LIST katikati, chenye jina la programu. Ukiruka 44 tu, maandishi hayo yanasomwa kama sauti na mchoro unapata kishindo ambacho hakikuwepo. Kila kipande kina jina la baiti 4 na ukubwa wa baiti 4, baiti yenye thamani ndogo ikitangulia. Soma jina, soma ukubwa, ruka (ukubwa ukiwa witiri ongeza baiti moja), mpaka ufike kwenye kipande kiitwacho data, chenye sauti yenyewe.

Kadiri mchoro unavyokokotolewa kwa sampuli nyingi zaidi kwa mpigo, ndivyo hatua kati ya masafa yake zinavyokuwa ndogo. Sampuli 4,096 zilitoa hatua za hezi 10.8. Hazifai: mota ya ncha mbili za sumaku kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka chini kidogo ya mara 50 kwa sekunde, basi mzunguko na umeme vikaonekana kitu kimoja. Nilipochukua sampuli 65,536, yaani sekunde moja na nusu ya sauti, hatua zikawa hezi 0.67 na vilele viwili vikaachana. Juu ya kilohezi 4 kukatokea kilima kipana. Fundi alifungua mota akakuta beringi ya upande wa feni imekauka grisi.

Rekodi zote sasa nazihifadhi kwa FLAC: hupunguza ukubwa, na ukilifungua faili unarudishiwa namba zilezile.