Kabla hujafuta kigeu kisichosomwa, jiulize kilitakiwa kwenda wapi

Jana nimeshinda kwenye fanksheni moja tu. Msimbo wa zamani, mrefu, na kazi niliyojipa ilikuwa ndogo, kuufanya usomeke, yaani mtu akiufungua asikae anajiuliza hii `tmp2` ni nini na mbona inapewa thamani mara tatu. Nkaanza na kinachoonekana rahisi, vile vigeu, yaani majina yanayoshika thamani, vinavyopewa thamani halafu hakuna anayevisoma.

Sa hapa ndo nataka niongee, maana wengi tunaona ni kufuta tu. Linta, ile programu inayokagua msimbo, imelalamika, unafuta mstari, imeisha. Mi mwenyewe nimefanya hivyo miaka.

Chukua lugha ya Go. Ukitangaza kigeu ndani ya fanksheni usikitumie popote, kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, inagoma kabisa, programu haijengeki, so watu wanajiona wako salama. Lakini cheki hii: unaandika `data, err := soma()`, mstari unaofuata `tokeo, err := chakata(data)`, halafu ndo unaweka `if err != nil` kuangalia kama kuna kosa. Kompaila kimya, maana err imetumika mahali. Ila ile err ya kwanza imefunikwa na ya pili kabla mtu hajaiangalia, faili likigoma kusomeka hakuna anayejua, inachakatwa data tupu na maisha yanaendelea. Hicho ndo nilichokikuta jana! Aliyenionyesha ni staticcheck, linta ya Go, onyo lake SA4006, na kama ningefuata mazoea ningeweka `_` (alama ya kutupa thamani) pale linta inyamaze, kosa libaki palepale na safari hii bila hata onyo.

Kwa hiyo siku hizi nikiona thamani haisomwi naangalia kwanza upande wa kulia wa alama ya sawasawa. Kama ni hesabu tupu, iende. Kama ni fanksheni inayofanya kazi, mfano `n = futaRekodi()`, n ndo haina maana, mwito una maana, ondoa kushoto acha kulia. Na kwenye C++ kuna `std::lock_guard`, jina lake halisomwi popote lakini lipo ili kufuli lishikwe mpaka mwisho wa bloku, ukiitoa nyuzi mbili (sehemu za programu zinazoenda sambamba) zinaweza kuingia pamoja kwenye data moja na utaitafuta hitilafu hiyo kwa siku nyingi.

Hata kompaila inaangukia hapo hapo. Kwenye C ukisafisha nenosiri kwenye memori kwa `memset` kabla fanksheni haijaisha, kompaila ikiona hakuna anayesoma tena inaweza kuuondoa huo mstari kimyakimya, nenosiri likabaki. Ndo maana C23 imeleta `memset_explicit`.

Kingine kinachoniuma ni ile tabia ya kuandika `let jumla = 0` juu kabisa eti kwa usalama, halafu kila tawi la if linaiandikia upya. Ile sifuri haisomwi kamwe, na mbaya zaidi, siku mtu akiongeza tawi jipya akasahau kuijaza, sifuri inapita kama jibu halali. Kwenye TypeScript yenye strict (ukaguzi mkali) ukiandika `let jumla: number` bila kuipa kitu, tawi lililosahau linakamatwa kabla programu haijaenda popote. Na ukiisogeza karibu na inapotumika msomaji hapandi na kushuka kutafuta ilianzia wapi. ESLint, linta ya JavaScript, nayo tangu toleo la 9 ina kanuni ya hili, `no-useless-assignment`, ila kwenye toleo hilo ilibidi uiwashe mwenyewe.

Ile err nimeitengea komiti yake (badiliko linalohifadhiwa peke yake) na testi inayoipa fanksheni faili lisilokuwepo, sikutaka ichanganyike na usafi wa majina, maana anayefanya riviu akiona mistari mia imebadilika hawezi kuuona ule mmoja uliobadilisha tabia. `tmp2` bado ipo, nimeshajua inatoka wapi na inaenda wapi, jina zuri tu ndo sijalipata.