Mfuko wa kuondokea: kumbukumbu za cherehani yangu, mtaa wa Umoja, Nairobi

Oktoba, wiki ya kwanza

Klabu yetu ya kujitolea ina watu 19, na kila mwaka tunazunguka mle mle: miche ya miti, unga na mafuta kwa makao ya watoto, picha, nyumbani. Novemba tunavaa fulana za rangi ya chungwa kwa ajili ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, tunatembea barabarani kidogo, tunanunua soda.

Safari hii kikao kilichacha. Mama mmoja, mwanachama wa tangu zamani, alisimulia habari za jirani yake aliyetoka nyumbani saa nane usiku, mtoto mgongoni, kandambili mguu mmoja. Alilala kwa huyu mama. Asubuhi akarudi kwa mume yule yule. Kisa? Kitambulisho chake, kitabu cha kliniki cha mtoto na sare ya shule ya mkubwa vyote vilibaki kule ndani. Mtu mwingine akataja utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Kikaoni kulikuwa na wanawake 12. Nilianza kuhesabu viti, nikaacha.

Hapo ulimi ukaniponza. Nikasema, "Mimi nina cherehani." Nikajitwika kushona mifuko mitano ya kuondokea, ya kuwekea vitu kama hivyo mapema, siku ya kukimbia viwe tayari.

Kwa asiyenijua: mimi si fundi. Kazi yangu ni hesabu za ofisi mjini. Cherehani ni ya marehemu mama, nyeusi, ya kukanyaga kwa mguu, na kushona nimejifunza kwa kuharibu. Mapazia naweza, foronya naweza. Mfuko sikuwa nimewahi.

Oktoba, wiki ya pili na ya tatu

Nilinunua kanvasi Uhuru Market. Rangi ya chungwa, bila shaka, tena ile inayoonekana kutoka ng'ambo ya Jogoo Road. Mfuko wa kubeba begani, zipu juu, nembo ya klabu mbele, na chini yake 1195 kwa herufi kubwa, ile nambari ya bure ya kuomba msaada wa dhuluma za kijinsia.

Pembe zilinitesa. Mahali ambapo mshikio unakutana na pindo kuna tabaka nne za kanvasi, na sindano namba 14 ilivunjika mara mbili. Kipande kimoja kilinirukia shavuni. Namba 18 ilipita. Mishikio niliikaza kwa mshono wa mraba wenye mkato wa msalaba katikati, kama ya mabegi ya shule, maana mtu akibeba mfuko huu atakuwa anakimbia.

Mitano ikaisha. Niliipanga kitandani nikaipiga picha. Kwenye kundi la klabu nilimwagiwa makofi hadi usiku.

Jumamosi, kwenye saluni

Tulikuwa tumekubaliana na mwenye saluni mmoja mtaani kwetu aiweke. Wanawake wanakaa pale saa nne au tano mfululizo, wakisukwa. Kama kuna mahali maneno yanatoka ni hapo. Nilimpa mfuko mmoja. Aliugeuza, akavuta mshikio, akafungua zipu na kuifunga.

"Kaka, umeshona vizuri," akasema. "Lakini hii ni mbiu ya mgambo. Mwanamke ataificha wapi? Bwana akiona rangi hii na hiyo nambari, hata kusoma hamalizi."

Wateja wawili waliokuwa chini ya kikaushio walicheka, kisha mmoja hakucheka tena. Nikaketi kwenye kile kistuli cha mtoto, nikauliza basi uwe vipi. Alinifundisha mambo ambayo kikao cha watu 19 hakikuyafikiria hata kidogo.

Kwanza, mfuko haukai nyumbani. Unakaa kwake, au kwa mama mboga, au kwa shosh, yaani nyanya, wa ploti nyingine, ukiingizwa kitu kimoja kimoja: leo nakala ya kitambulisho, wiki ijayo vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kesho kutwa nguo ya ndani na pedi, nauli iliyokunjwa, ufunguo wa pili, dawa kama kuna mtu anameza dawa kila siku. Pili, ufanane na mfuko wowote wa kwenda sokoni, tena uliochakaa kidogo. Tatu, nambari isiandikwe popote ambapo mtu anayepekua atapekua. Simu hupekuliwa. Mkoba hupekuliwa. "Hiyo 1195 ni tarakimu nne, kaka. Mtu atazishika kichwani. Nina mteja anayeshika mitindo arobaini ya kusuka."

Nilibeba mitano yangu nikarudi nayo. Njiani mtu wa bodaboda akaniuliza kama nauza.

Novemba, mwanzo

Toleo la pili. Vipande vya kitenge kutoka soko la Gikomba, vile vinavyobaki mafundi wakikata magauni, vinauzwa kwa mafungu. Bitana ya pamba nyeusi. Chini nimeshona sakafu mbili: ya juu inafungwa kwa kifungo kimoja kilichojificha kwenye mshono, na kati yake na ya chini mna nafasi ya karatasi zilizolala. Ukiweka vitunguu juu yake hujui kuna kitu. Sakafu hiyo nimeifumua mara tatu. Ikibana sana inatuna ikionekana. Ikilegea, karatasi zinachakarisha.

Mwanasheria wa kujitolea alikuja kuzungumza nasi Alhamisi. Mengi nilikuwa siyajui. Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, ya 2015, haisemi ngumi tu: kumnyima mtu pesa za matumizi, kumvunjia vitu vyake, kumfuatafuata, hata wakwe kuingilia ndoa, vyote vimo. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Na polisi wana wajibu wa kumweleza anayelalamika pa kupata hifadhi na matibabu. Mwenzetu mmoja alikohoa aliposikia hilo; mwaka jana alimsindikiza binti kituoni akaambiwa wakamalizane nyumbani.

Jambo lililobadilisha mfuko wangu lilikuwa hili: aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, mapema zaidi ni bora, asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye karatasi, si nailoni, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani unaharibu ushahidi. Kwa hiyo kila mfuko sasa una mfuko wa karatasi ya kaki uliokunjwa, ule wa dukani tuliouzoea tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017. Shilingi chache tu. Hakuna anayeushangaa.

Kinyozi: tulijaribu kuweka kadi zenye nambari ya 1195 kwenye vioo vya vinyozi viwili. Kimoja zilibanduliwa siku hiyo hiyo. Kingine zingalipo, na mwenyewe anasema zimezusha ubishi mkali kuliko mechi ya Gor na Ingwe, watani wa jadi wa soka. Ubishi si haba, tutaona.

Kadi za saluni zilifaulu zaidi. Mbele ni bei za kusuka, kweli kabisa, zake mwenyewe. Nyuma ni picha za nywele tu. Nambari imo kwenye orodha ya bei, mtindo usiokuwepo, "1195", na anayeuliza ni mtindo gani huambiwa.

Novemba 25

Uzinduzi. Mwenyekiti alitaka picha ya kukabidhi mifuko, mwanamke upande huu, klabu upande ule, watu wakitabasamu. Tulizozana hadi chai ikapoa. Namwelewa, wafadhili hupenda picha. Mwishowe tulipiga ile mitano ya chungwa, tupu, mezani. Sasa inabeba bango, fulana na chupa za chai. Kwa hilo ni imara ajabu.

Desemba, wiki ya pili

Saba ya kitenge imekaa saluni tangu mwezi uliopita. Jana nilipitia kuulizia zipu moja iliyokuwa ikikwama.

"Ule wa kijani umeenda," mwenye saluni akasema, mikono ikiendelea kusuka.

Sikuuliza. Aliyekuwa akisukwa aliinua macho kwenye kioo, akayashusha.

Kisha mwenye saluni akaniambia sita iliyobaki haifai kukaa pamoja. Nilikuwa nimeshona mitatu kwa kitenge kimoja, kile cha majani ya bluu, na mtaa una macho: mfuko ukionekana mara mbili, mara ya tatu mtu atajua. Anataka kila mmoja uwe na sura yake, na mmoja usiwe kitenge kabisa, uwe wa gunia la unga kama ya akina mama wa sokoni. Sindano ya kushonea gunia sina. Nitapita Gikomba Jumanne asubuhi kabla ya kazi.