Krismasi na begi mgongoni: mimi, rafiki yangu na jua la Sevilla

Ukiishi Leipzig, Ujerumani, ifikapo Desemba unaacha kulitegemea jua. Linachomoza saa mbili imepita, linazama saa kumi jioni, na katikati ya hapo mara nyingi huoni kitu ila wingu la rangi ya zege. Mimi nasomea uuguzi, kwa hiyo kupata likizo wiki ya Krismasi ni bahati isiyorudi kila mwaka. Rafiki yangu, mtoto wa Tanga anayesoma Dresden, naye alikuwa hana pa kwenda maana bweni lao lote linahama. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki wa Kibosho. Akaniambia kwenye simu, "Shoga, popote penye jua, mradi tusilipe pesa za watalii."

Tukaangukia Sevilla, kusini mwa Hispania. Mchana wa Desemba pale hufika nyuzi 16 au 17, mvua haiji kila siku, na jiji lenyewe unalimaliza kwa miguu. Nauli ya ndege ya moja kwa moja ilikuwa imeshapanda, kwa kuwa Wahispania wote walioko Ujerumani wanarudi kwao wiki hiyo hiyo. Ya Málaga ilikuwa nafuu zaidi. Tukaruka mpaka Málaga, tukapanda basi la takribani saa tatu, kushoto na kulia mizeituni mitupu. Kwa anayeishi kihalali eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hakuna viza ya ziada: unabeba pasipoti na kibali chako cha ukaazi, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Vibebe vyote viwili kwenye kifuko cha shingoni, maana hosteli za Hispania zinamwandikisha kila mgeni kwa pasipoti. Anayetoka Dar au Nairobi ataomba viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, na ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa Krismasi, usingoje Novemba.

Mabegi yalikuwa ya mgongoni tu, ya kuingia chini ya kiti cha ndege, kwa sababu mashirika ya bei poa yanakutoza begi kuliko yanavyokutoza wewe mwenyewe. Tulipangana: nguo za kuvaa tabaka kwa tabaka, soksi nene, kandambili za bafuni, na kanga. Kanga ndiyo iliyotulipa kuliko vyote. Ilikuwa taulo, ilikuwa shuka, na usiku tukaichomeka chini ya godoro la kitanda cha juu ikaning'inia kama pazia, ukalala ndani humo bila kutazamwa na watu sita wa chumba kimoja. Mwenzangu alibeba pia kikopo cha plastiki chenye binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nikamwuliza cha nini. Akasema Krismasi bila pilau ni Jumatano tu.

Jambo ambalo hakuna mtu anayekwambia kuhusu jua la Sevilla: liko nje. Ndani ni baridi! Nyumba za kule zimejengwa kupambana na joto la Julai, kuta nene, sakafu ya vigae, madirisha madogo upande wa barabarani. Wakati wa baridi vigae hivyo vinakunyonya joto kupitia soksi. Hosteli yetu ilikuwa na meza ya duara pale mapokezi, imefunikwa kitambaa kizito kinachofika sakafuni, na chini yake hita ndogo ya umeme. Unakaa, unaingiza miguu, unajifunika kitambaa mapajani. Nyumba nyingi za huko wana meza hiyo, zamani chini yake waliweka makaa. Kila jioni tuligombea viti vile na wageni wengine. Mchana tulikimbilia nje mapema, na kilichonifurahisha kuliko yote ni kwamba jua lilizama kama saa kumi na mbili jioni, karibu na saa zetu za nyumbani. Mwili wangu ulitulia siku ya kwanza tu.

Barabara zimepandwa miti ya matunda ya rangi ya chungwa, na Desemba yamejaa. Mgeni lazima achume. Mwenzangu aliokota moja lililoanguka, akalikwaruza ganda kwa ukucha, akanusa. "Haya si machungwa, haya madanzi." Kweli ni machungu, Waingereza ndio wanayapikia jemu.

Tulifika Jumamosi. Kesho yake, tarehe 22, ilikuwa siku ya bahati nasibu kubwa ya Krismasi, ambayo ilichezeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1812. Tuliingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa na mkate wa kuchoma uliopakwa mafuta ya zeituni na nyanya ya kusaga (kifungua kinywa cha bei ndogo, na hakina nguruwe), tukakuta televisheni iko juu na watoto wa shule ya San Ildefonso ya Madrid wanaziimba namba. Wanaimba kwa masaa. Wazee wamekaa na karatasi zao mfukoni, kila kipande euro 20, na kipande cha zawadi ya kwanza kinalipa euro 400,000 kabla ya kodi. Hakuna aliyeshinda pale ndani. Waliagiza tu kahawa nyingine.

Nguruwe ndiye aliyekuwa mtihani wa rafiki yangu. Yuko kwenye supu, kwenye maharage, na hata kwenye vitamutamu. Mantecados, vile vibiskuti vya Krismasi vinavyotoka Estepa katika mkoa huo huo wa Sevilla, asili yake vinakandwa kwa mafuta ya nguruwe. Nilisoma kwenye pakiti kabla hajatia mdomoni. Suluhisho tulilipata kwa masista. Kwenye monasteri ya San Leandro, watawa wanaoishi ndani bila kutoka wanauza yemas, vitamu vya kiini cha yai na sukari. Huwaoni. Ukutani kuna pipa la mbao lililosimama, linazunguka. Unapiga kengele, sauti ya kizee inakusalimu kwa jina la Bikira Maria, unasema unachotaka, unaweka pesa kwenye pipa, linazunguka likikwaruza, na linaporudi kuna boksi lako na chenji. Mwenzangu, ambaye hajawahi kununua kitu bila kuvutana bei, alisimama akilitazama lile pipa. "Sasa hapa utamlalamikia nani?"

Jumatatu ilikuwa zamu ya Alcázar, kasri la wafalme, kwa sababu saa ya mwisho ya Jumatatu ni bure ukiwa umeweka nafasi mtandaoni kwa euro 1. Nafasi hizo zinakwisha mapema mno, sisi tulikaa macho kuzisubiri zifunguliwe. Kanisa kuu tulilipia, na sijutii. Mnara wake, Giralda, ulikuwa mnara wa msikiti wa Wamuwahidi, watawala Waislamu waliotoka Afrika Kaskazini, ulikamilika 1198, na ndani, badala ya ngazi, kuna miteremko 35 inayozunguka, ili anayekwenda kuadhini apande akiwa juu ya mnyama. Kengele ziliongezwa juu karne ya 16. Tulipanda polepole mabega yakigusana, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutopiga kelele.

Kama una muda, nenda hata kwenye kanisa dogo la Virgen de los Ángeles, mtaa wa Recaredo. Ni la chama cha kidugu kinachoitwa Los Negritos. Kilianzia mwishoni mwa karne ya 14, pale askofu mkuu Gonzalo de Mena alipowawekea hospitali Waafrika waliokuwa wagonjwa na wametelekezwa, kwa karne nyingi wanachama wake walikuwa weusi, watumwa na walioachwa huru. Siku hizi wanachama karibu wote ni weupe, na kila Alhamisi Kuu wanatembeza sanamu zao mitaani. Mlinzi mmoja alitutazama, akatufungulia taa za altare bila kuombwa.

Sasa tarehe 24 yenyewe. Kwetu Uchagani mtu asiyerudi nyumbani Desemba ana maelezo ya kutoa, na Sevilla ni hivyo hivyo: mpaka alasiri jiji zima limejaa, saa mbili usiku hakuna mtu. Familia zimejifungia mezani. Maduka makubwa yanafunga mapema, mikahawa mingi inafunga, mabasi yanapungua, na tarehe 25 karibu kila kitu kimelala. Kwa hiyo ununuzi wote unaufanya asubuhi ya 24. Tulivuka daraja kwenda soko la Triana. Pale hakuna mstari: unafika, unauliza nani wa mwisho, unamkariri uso, basi. Kamba walikuwa wamepanda bei, maana ndio chakula chao cha usiku huo, tukawaacha. Kuku wa halali tulimpata mtaa wa Macarena kwa mchinjaji Mmorocco. Mchele ulizua ubishi dukani. Uliojaa rafu ni wa punje fupi, wa paella, ule wali wa Kihispania, na mwenzangu aliukataa katakata: "Huo utatupa uji." Tukazunguka mpaka tukapata basmati kwenye kona ya vyakula vya nje.

Jiko la hosteli lilikuwa na sufuria moja ya maana. Mwenzangu alivikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa iliyoungua kidogo, hapo ndipo akatia vitunguu saumu, tangawizi na kile kikopo, na harufu ikapanda ngazi. Watu walishuka mmoja mmoja kuuliza kinapikwa nini. Kijana wa Argentina alileta mkate, wasichana wawili wa Korea walileta machungwa ya kweli, mtu wa mapokezi alikuja na sahani yake mwenyewe bila aibu. Tulikula tumezunguka ile meza ya hita, miguu ya mataifa manne chini ya kitambaa kimoja. Saa tano na nusu nikaenda misa ya usiku wa manane kwenye kanisa kuu. Mwenzangu alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema atanisubiri, halafu baridi ikamwingiza. Alikaa benchi la nyuma kabisa na kanga kichwani.

Krismasi yenyewe haikutugharimu kitu. Plaza de España, ule uwanja wa nusu duara uliojengwa na Aníbal González kwa ajili ya maonyesho ya 1929, hauna kiingilio, wala bustani ya María Luisa iliyo mkabala. Karibu kila mkoa wa Hispania una benchi lake la vigae vya rangi. Tulikalia la Málaga, tukala kiporo cha pilau kwa kijiko kimoja tulichoazima hosteli, jaketi tukazivua. Maji ya kunywa tulinunua kwa Mchina, maana maduka yao madogo na yale ya Wamorocco ndiyo yaliyokuwa wazi. Alasiri nilimpigia mama. Kibosho kulikuwa na mvua na ndugu zaidi ya vitanda. Akauliza nimekula nini, nikamwambia pilau ya kuku, akauliza imepikwa na nani, nikamwambia na Mwislamu wa Tanga. "Basi umekula," akasema.

Ujerumani tarehe 26 bado ni sikukuu, Sevilla ni siku ya kazi. Asubuhi foleni ya Alcázar ilikuwa imeshazunguka ukuta. Sisi tulikuwa stesheni ya Santa Justa, kikopo cha viungo kimebaki robo, tukipanda treni ya Cádiz kwa sababu mwenzangu alisema hajatoka Tanga mpaka Ulaya ili arudi bila kuona bahari.