Nilivyotengeneza shada la Majilio mwenyewe, mpaka mshumaa wa waridi

Mwaka jana jumuiya yetu hapa Moshi ilipewa zamu ya kuandaa shada la Majilio la kigango, lile duara la majani lenye mishumaa minne, mmoja unawashwa kila Jumapili kwenye zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, kazi nikaibeba mimi. Ushauri niliopewa ulinikera kweli. Mmoja ananiambia nenda mjini kanunue la plastiki lenye taa za kuwaka na kuzima, mwingine eti mishumaa weka minne myeupe tu, nani ataangalia. Jamani watu wanaangalia! Lile duara halina mwanzo wala mwisho, ndo umilele wa Mungu. Majani mabichi ni uzima. Mitatu ya zambarau ni toba, ule wa waridi ni wa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha, hata padre siku hiyo anaruhusiwa kuvaa waridi. Sasa ukiweka yote myeupe mtu atajuaje tumefika kwenye furaha?

Fremu nilitumia rimu kuukuu ya baiskeli. Wazo nililitoa kwa mwanateolojia wa Kilutheri, Wichern wa Hamburg kule Ujerumani, ambaye mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni akalipangia mishumaa, midogo myekundu ya siku za kawaida na mikubwa myeupe ya Jumapili, ili watoto aliokuwa anawalea wahesabu wenyewe Krismasi imebaki siku ngapi.

Shida ikawa waridi. Zambarau nilipata, waridi nimezunguka maduka yote hakuna. Nikayeyusha mshumaa mweupe nikatia rangi ya keki. Wee! Rangi ikajikusanya chini matone matone, nta juu nyeupe pee, nakoroga, nasubiri, nakoroga tena, wapi, karibu lisaa zima na mishumaa miwili imeishia hapo. Kumbe rangi ile ni ya maji na nta ni mafuta, havishikani. Ndo nikaona krayoni za mwanangu, zenyewe ni nta! Nikamenya karatasi, kipande cha nyekundu ndani ya nta nyeupe kwenye kopo refu, kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka (usithubutu kuliweka motoni lenyewe, nta inashika moto), halafu nikachovya mshumaa mzima mweupe, natoa, unapoa, nachovya tena, kama mara saba hivi. Ukatoka waridi safi kabisa. Hela yote sidhani kama ilifika elfu kumi na tano.

Majani nilichanganya matawi ya mkrismasi na masale ya kwenye uzio, yale majani ambayo Wachaga hutumia kuombea msamaha. Jumapili ya kwanza bibi mmoja akanisogelea, akashika sale, akaniuliza, "Mwanangu, hili la kuomba msamaha umemwekea nani?" Nikamwambia, "La kwetu sote bibi, si ndo tunaomba toba." Hakusema kitu. Wiki iliyofuata nikamkuta mlangoni na fungu la masale mabichi, anataka tubadilishe yaliyonyauka kabla mshumaa wa pili haujawashwa.