Mbaazi Tamu za Ahmedabad

Tulikwenda Ahmedabad, India, kwa ajili ya macho ya mama. Kuhusu hospitali sina la kusimulia, na nyumba ya wageni ilitulipisha hata ndoo ya maji ya moto. Januari 14, siku ya Uttarayan, sikukuu yao ya tiara, kaka wa jirani yetu wa Kisutu akatualika kwake. Dereva wa bajaji alitukamua mara mbili ya nauli, mita yake kaifunika kitambaa.

Mzee mwenyeji ni mzaliwa wa Tanga, aliondoka baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971. "Karibu dada, karibu mwanangu. Viatu hapo hapo."

Vijana walikuwa juu ya paa, wanashangilia kila tiara ya jirani ikikatwa uzi. Sisi tuliwekewa masinia. Chapati zao nyembamba kama kitambaa. Zinafurishwa juu ya moto wenyewe, zinapakwa samli, na hujamaliza moja imeshatua nyingine. Nikafunika sinia kwa kiganja. Mama mwenye nyumba akacheka, akaipenyeza kwa pembeni.

Mchuzi ulikuwa na sukari guru. Nikauliza ni dengu gani hizi.

"Mbaazi," akasema mzee. "Pengine za kwenu. Hapa hazikosekani, mchana na usiku."

Mbaazi! Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuziagiza, bei ilianguka, mjomba wangu Babati akabaki na magunia sebuleni, kuku wanayalalia. Tulizila mpaka watoto wakasusa. Nikamsimulia mzee yote, kwa uchungu kidogo, maana mkopo wa mbegu mjomba aliulipa kwa kuuza ng'ombe.

"Mambo ya serikali hayo, bwana. Ongeza mchuzi."

Mama yeye alikuwa anaangalia jikoni. "Mbona mwenzangu hali?"

"Atakula tukimaliza sote. Ndivyo alivyozoea."

Hata kwetu mama hula mwisho, kwenye kigoda, ukoko na mchuzi uliobaki, na sijapata kumuuliza kwa nini. Lakini siku hiyo aliinuka, akaingia jikoni, akamshika yule mama mabega na kumkalisha. Kigujarati hajui hata neno. Akachukua chapati, akamwekea, akaongeza nyingine. Mwenzake akafunika sinia kwa kiganja, mama akaipenyeza kwa pembeni.