Sinia Isiyo ya Mtu Mmoja

Kilichonifanya nijione mwenyeji Ethiopia, kabla hata ya chakula, ni saa. Dada wa mapokezi kule Gondar aliponiambia chai ya asubuhi inaanza saa moja, sikuwa na haja ya kuuliza saa moja ipi. Wanahesabu kama sisi: jua likichomoza, siku imeanza. Ilikuwa Novemba 2019 kwangu, na kwa kalenda yao ilikuwa 2012. Nilifurahi mno kurudishiwa miaka saba bure.

Nilikuwa nimekwenda peke yangu, na Gondar ni mji unaomfaa aliye peke yake. Uko juu ya mita 2,000, pumzi inakuwa fupi, kwa hiyo unatembea polepole utake usitake. Mfalme Fasilides aliufanya makao yake makuu mwaka 1636. Kabla yake, kwa muda mrefu, wafalme walikuwa wakihamahama na mahema na majeshi yao. Labda ndiyo maana kasri za mawe za mji huo zilinigusa, kwa kuwa ni nyumba za watu waliochoka kuhama. Katika kanisa la Debre Berhan Selassie nilikaa karibu saa nzima nikiangalia dari, ambako safu kwa safu za malaika wenye macho makubwa wanakutazama kutoka juu. Hakuna aliyeniambia twende, tumechelewa. Hiyo ndiyo raha ya kusafiri bila mwenzi, na siibadilishi na kitu.

Ila ikifika saa ya kula, mambo hugeuka.

Chakula cha nyanda hizi hakikupangwa kwa mtu mmoja. Injera, mkate wao mwembamba na laini, moja inafunika sinia nzima, michuzi inamwagwa juu yake, na watu wanazunguka, kila mmoja akimega upande wake. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo Wakristo wa Kiorthodoksi hawagusi nyama wala maziwa, kwa hiyo niliagiza beyaynetu, sinia ya kila aina ya vyakula vya mfungo. Shiro ya unga wa dengu ilikuwa bado inatokota kwenye chungu chake ilipofika. Palikuwa na adesi nyekundu zenye berbere, mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, kabichi na karoti, mboga ya majani iitwayo gomen, na bitiruti zilizoacha rangi yake kwenye injera. Injera yenyewe ni ya tefu, nafaka yao ya punje ndogo sana, unga umechachuka siku kadhaa, nayo huokwa upande mmoja tu. Upande wa juu hubaki na matundu madogo mengi, na matundu hayo ndiyo yanayokunywa mchuzi.

Nilikuwa nakula huku nimeinamia simu, kama wafanyavyo wanaokula peke yao. Meza ya jirani walikaa mama mmoja mtu mzima na vijana wawili. Mama yule alinitazama, akasema, "Enbla!" Nilikuwa nimeshajifunza neno hilo: maana yake tule, na ni sawasawa na karibu yetu. Nikatabasamu, nikashukuru, nikarudi kwenye simu. Hakuridhika. Alikuja na kiti chake.

Akamega injera, akaizungushia shiro na kipande cha pilipili, akaikunja vizuri kwa ncha za vidole, akaileta moja kwa moja mdomoni mwangu. Hiyo ndiyo gursha, tonge la kumlisha mwenzako kwa mkono wako. Sikumbuki mara ya mwisho kulishwa na mtu, nadhani ni nikiwa mgonjwa utotoni. Tonge lilikuwa kubwa, ilinibidi nifungue mdomo kwelikweli, na machozi yakanilengalenga. Ningependa kusema ni pilipili, lakini haikuwa pilipili. Kabla sijamaliza kutafuna, tonge la pili lilikuwa njiani. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa maneno kama kumi tu, na tulikaa mpaka giza likaingia.

Kutoka hapo nilirudi Addis Ababa kwa ndege, kisha nikaelekea mashariki hadi Harar. Ni nyanda za juu vilevile, lakini mji ni wa Kiislamu: misikiti 82 imebanana ndani ya ukuta mkongwe wa Jugol, na vichochoro vyake vyembamba vingeweza kuwa vya Lamu kama si baridi ya usiku. Langoni wanawake wanauza sambusa, na wanaziita sambusa. Jioni nje ya ukuta nilimwona mtu akiwalisha fisi nyama kwa kijiti, akiwaita mmoja mmoja.

Asubuhi ya kuondoka, mwenye nyumba niliyopanga aliniketisha kwenye baraza la ndani, chini ya vikapu vilivyotundikwa ukutani, akakaanga buni mbele yangu. Wao wanaiita buna. Alinisogezea moshi wake niunuse, akatia ubani kwenye makaa, akamimina kikombe cha kwanza, abol. Kisha tona. Nikatazama saa, basi langu lilikuwa linakaribia kuondoka, nikaanza kunyanyuka.

Akanishika mkono. Cha tatu, akasema, kinaitwa baraka.

Nikakaa. Basi langu nililikuta limeshaondoka, nikapanda lililofuata, na sambusa nne alizonifungia kwenye gazeti zilikuwa bado za moto.